Mteja Hakupatikana

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta. Mwenyewe huwa wa kwanza kulisema, tena kwa kicheko cha mtu aliyeteleza mbele ya watu akaamua kujicheka kabla hawajaanza wao. Kati ya binadamu na kompyuta aliamua kuiamini kompyuta, na binadamu akalala mahabusu.

Mambo yalianza na maiti.

Ilikuwa chini kabisa ya jengo la ofisi, katikati ya ule uwazi unaozungukwa na vidato kutoka sakafu hadi paa. Mwanamume wa makamo, amelala chali, kiatu kimoja kimemvuka. Fulana ya kijani ya kampuni kubwa ya simu. Kiunoni mkanda wa vifaa: koleo, bisibisi, tochi, kishada cha funguo ndogo. Simu yake ilikuwa imevunjika vipande mfukoni. Damu ilikuwa imejitafutia njia hadi karibu na mlango wa duka la vifaa vya ofisi, na mwenye duka alikuwa ameshapanga maboksi ili wateja wasiikanyage. Biashara ni biashara.

"Anajulikana?" Inspekta aliuliza.

"Nani asiyemjua?" mwenye duka akajibu. "Huyu ni Nipo Njiani."

"Ndilo jina lake?"

"Ndilo jibu lake. Fundi wa intaneti huyu. Mpigie asubuhi, yupo njiani. Mpigie jioni, yupo njiani. Sisi wa jengo hili tulishaamini mama yake alimzalia njiani."

Koplo aliinama akaitazama maiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo uliozoea kuripoti kazini kabla ya miguu yake. "Leo amefika, Afande," alisema, kisha akaona haya, akamfunika marehemu uso.

Mwenye duka alisikia kishindo adhuhuri. Alidhani ni mzigo wa mtu. Aliyetoka na kuikuta maiti alikuwa mlinzi wa getini, mzee mwembamba ambaye jengo zima lilimwita Baba Pacha.

"Ulimwona akiingia?"

"Nilimwona, mkuu. Kabla ya adhuhuri. Ngazi yake ya kukunja begani."

"Ngazi yenyewe iko wapi?"

"Hapo sijui. Aliingia nayo."

"Alisema anakwenda kwa nani?"

"Hakusema. Alisema tu, 'Baba Pacha, leo nimefika, usiwatangazie watakuja kuzimia.' Tukacheka. Akapanda."

Askari walipekua paa, vyoo na sehemu zote za wazi. Ngazi haikuonekana. Fundi wa faiba bila ngazi ni kinyozi bila mkasi, na jambo hilo lilimkera Inspekta kama punje ya mchanga kwenye soksi.

Mwenye duka alisema aliyekuwa akimsubiri fundi kwa udi na uvumba ni Mama Picha wa ghorofa ya tatu. Wakapanda.

Kilikuwa kituo cha picha za eksirei. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu, limefutwa vumbi hata hivyo. Mashine ilifunikwa shuka la maua. Kwenye meza ya mapokezi viti viwili vilikuwa vimesukumwa ndani vizuri, kama vya nyumba iliyofiwa. Kijisanduku cha intaneti ukutani kilikuwa kikiwaka taa nyekundu. Mama Picha alikuwa mwanamke mnene kiasi, koti jeupe limepigwa pasi, macho hayajalala.

"Fundi alikuja kwako leo, mama?"

"Kwangu?" Alicheka bila meno kuonekana. "Afande, umewahi kuwa mteja wao? Hakuja. Kama jana. Kama juzi."

Inspekta akatikisa kichwa kwa huruma. Laini ya kituo chake cha polisi ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo, nayo ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita.

"Inakuumiza sana?"

"Mimi napiga picha tu. Daktari wa kuzisoma yuko mji mwingine. Bila intaneti, mbavu za watu ni mapambo yangu ya ukutani. Wagonjwa wamehama. Wasichana wangu wa kazi wameondoka. Wa mwisho aliniaga akilia, mimi ndiye niliyembembeleza. Na leo, leo hii, hospitali kubwa ilikuwa inijaribu. Saa saba mchana wanitumie picha, niwarudishie imesomwa. Nikifaulu, kazi yao yote inakuja kwangu. Nisipofaulu, nifunge mlango."

"Ikawaje?"

"Tazama taa hiyo. Unadhani ikawaje?"

"Kampuni wanasemaje?"

"Wanasema simu yangu ni muhimu sana kwao. Halafu wananipigia muziki. Miezi, Afande! Mara tatizo liko upande wangu, mara wananipa pole. Kumbe ni panya katafuna waya, kazi ya kupiga chafya tu."

"Pole, mama," Inspekta alisema. Moyoni akajipa pole na yeye.

Kutoka hapo walikwenda makao makuu ya kampuni, jengo la vioo lenye chemchemi ndani na vijana wanaotabasamu kwa zamu. Walipokelewa na Ofisa Uhusiano, mwanamume mwenye tai iliyonyooka na sauti ya mafuta ya nazi.

"Msiba mkubwa kwa familia yetu," alisema. "Ila, Inspekta, fundi wetu hakuwa kwenye jengo lile."

"Maiti yake ilikuwepo."

"Sizungumzii maiti. Nazungumzia fundi." Akageuza kioo cha kompyuta. "Soma. Kazi ya kituo cha eksirei: fundi alipiga simu, mteja hakupatikana, kazi imefungwa. Hiyo ni kabla ya adhuhuri. Kazi inayofuata, upande wa pili wa mji: fundi yupo kwa mteja. Hiyo ni adhuhuri yenyewe."

"Simu yake ilikuwa wapi? Ninyi si mnaweza kuona?"

"Tunaweza. Jaza ombi. Litaingia kwenye foleni, siku chache tu."

Inspekta alikuna kidevu. Hesabu ilikuwa imejipanga vizuri mno. Adhuhuri marehemu alikuwa upande wa pili wa mji. Adhuhuri hiyo hiyo kikasikika kishindo mbele ya duka. Basi kile kishindo kilikuwa cha mzigo tu, na yeye aliuawa kwingine akaletwa baadaye. Mama Picha alisema hakuja. Kompyuta ilisema hakuja. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema amemwona akiingia kwa miguu yake, na huyo ndiye mwenye geti. Gari la kuleta maiti lingepita wapi?

"Tukamkamate mlinzi," alisema.

"Afande, yule mzee?" Koplo akashtuka.

"Kuna watu wawili na mashine moja upande huu. Upande ule yupo yeye na koti lake lenye vifungo visivyofanana."

Hivyo ndivyo alivyosema, na Koplo hajamsamehe vile vifungo hadi leo.

Kwenye chumba cha mahojiano Baba Pacha alikaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni asiyetaka kukichafua.

"Mzee, gari lilikuwa la nani?"

"Gari gani, mkuu?"

"Lililoleta maiti."

"Aliingia mzima. Alinitania."

"Fundi alikuwa upande wa pili wa mji."

"Nani kasema?"

"Kompyuta ya kampuni."

Mzee alifikiri. "Hiyo kompyuta ilikuwa getini?"

"Usinijibu kijuvi! Sema ukweli nikuache uende."

"Nimeona nilichokiona, mkuu. Nikisema kingine ili unifungulie, ndipo nitakapokuwa nimekudanganya."

Akafungiwa. Jioni mkewe alikuja kaunta na wale pacha, mmoja kulia mmoja kushoto. Hakulia, hakufoka. Alisema tu kwamba kampuni ya ulinzi imempigia: mumewe asipokuwepo lindoni kesho mchana, lindo atapewa mwingine.

"Na umri wake ule, dada," alimwambia Koplo, "nani mwingine atampa rungu?"

Asubuhi Inspekta aliwahi kazini. Alitaka ripoti ya uchunguzi wa maiti, na ripoti ilipaswa kuja kwa intaneti, na intaneti ilikuwa haijafufuka. Fundi alikuwa ameahidiwa asubuhi hiyo. Inspekta aliketi kaunta mwenyewe asije akampita. Mahabusu iliimba, iliomba maji, ilitukana. Foleni ya walalamikaji ilifika mlangoni. Mama mmoja alikuwa ameleta kuku aliyeibwa kama kielelezo.

Simu ya Inspekta ikalia mfukoni. Ujumbe.

Akausoma. Akausoma tena kwa sauti.

"Ndugu mteja, fundi wetu alifika eneo lako na kukupigia simu. Mteja hakupatikana. Kazi imefungwa. Tafadhali tupe nyota kulingana na ulivyoridhika."

Koplo alitazama foleni, akamtazama kuku, akatazama mlango ambao haujawahi kufungwa tangu kituo kijengwe. "Hatupatikani, Afande. Wezi wakisikia watachinja ng'ombe."

Kaunta nzima ilicheka. Inspekta naye alicheka, kisha akaitazama tena simu.

"Koplo. Simu yangu ililia kabla ya ujumbe huu?"

"Haikulia."

"Kuna fundi amefika hapa?"

"Hata kivuli chake."

"Basi ile kompyuta yao..." Hakumalizia. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyegundua sokoni kwamba suruali imechanika tangu nyumbani.

Hapo hapo pikipiki ikasimama nje, akashuka daktari wa uchunguzi wa maiti, bahasha kwapani, hasira puani.

"Tangu jana jioni nakutumia ripoti, inazunguka tu kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta! Nimeona niilete mwenyewe."

"Inasemaje?"

"Fuvu limepasuka, amekufa papo hapo. Madoa ya damu iliyotuama yote yapo mgongoni, na mlimkuta chali. Maiti haikuhamishwa hata inchi moja."

Inspekta akafumba macho.

"Na kuna jingine. Kifundo cha mguu wa kushoto kina michubuko. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili. Alishikwa mguu kwa nguvu akiwa hai."

"Alivutwa?"

"Mimi nasoma miili, Inspekta. Nia hazibaki kwenye ngozi."

Safari hii hawakumtafuta mwenye tai. Walimtafuta mratibu wa mafundi, dada aliyekuwa ndani ya ukumbi mrefu usio na dirisha, vipokea sauti masikioni, mbele ya ubao mkubwa wa rangi. Kijani ilikuwa imetawala ubao wote. Ungedhani nchi nzima ina intaneti.

"Dada, kazi ya kituo cha eksirei ilifungwa na nani?"

"Imeandikwa hapo, fundi alipiga simu..."

"Na mimi nimeandikiwa hivyo hivyo leo, nikiwa nimeketi kaunta. Nani aliifunga?"

Dada alitazama kulia na kushoto. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kila kazi ina muda wake. Muda ukiisha inageuka nyekundu. Nyekundu zikizidi, ukumbi mzima tunakatwa mshahara. Kwa hiyo ikikaribia tunafunga, tunaandika mteja hakupatikana. Kila mtu anajua."

"Wateja wanajua?"

Dada alivishusha vipokea sauti hadi shingoni.

"Na kazi ile ya upande wa pili wa mji?"

"Ilikuwa karibu kugeuka. Nikaandika amefika."

"Ulijua alipo kweli?"

"Alikuwa amenipigia." Sauti ilimshuka. "Alisema, 'Nipo ghorofa ya tatu, nimefungua sanduku, ni panya amekata waya, nipe dakika chache.' Nikamwambia ameshachelewa, nimefunga."

"Ungeifungua tena."

"Kazi iliyofungwa haifunguliwi. Mteja anapiga upya, anapewa namba mpya, anaanza mwisho wa foleni."

"Na fundi akiendelea tu, aunge waya?"

"Anahesabiwa anafanya kazi ya kificho kwa mali ya kampuni. Wamefukuzwa wawili mwezi uliopita. Alijua. Akaniambia, 'Dada, mama wa watu ananitazama.' Nikamwambia ashuke."

"Hili la panya, ulimwambia mtu? Uliliandika popote?"

"Niliandike wapi? Kazi ilishafungwa."

Koplo alikuwa ameshasimama.

Walipita kituoni kwanza. Inspekta alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake, akamwomba Baba Pacha radhi mbele ya askari wote, akampakia kwenye gari kiti cha mbele, akakanyaga mafuta. Walipofika kwenye jengo, getini alikuwa amesimama mlinzi mwingine, mpya, rungu mkononi, koti halijamkaa.

Baba Pacha alimtazama, kisha akamgeukia Inspekta. "Usijali, mkuu. Mimi huwa naaminiwa nikishaumia."

Akashuka. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, ng'ambo ya geti. Inspekta alitamani atukanwe.

Ghorofa ya tatu, pale vidato vinapogeukia, sanduku la faiba lilikuwa juu ukutani, karibu na dari, pembeni tu ya kizuizi cha uwazi ule. Kufuli lake lilikuwa limening'inia wazi. Ndani, waya mwembamba ulikuwa umetafunwa. Ungeweza kuona meno.

Mama Picha alifungua mlango kabla hawajabisha.

"Mama," Inspekta alisema, "nani alikuambia ni panya?"

Aliachia kitasa cha mlango.

"Kampuni walikwambia tatizo liko upande wako. Sanduku lina kufuli, funguo zilikuwa kiunoni mwa marehemu. Aliyemwona panya ni aliyekuwepo sanduku lilipofunguliwa. Tuna hati ya upekuzi."

"Msichafue sakafu," alisema Mama Picha. "Ngazi iko nyuma ya mlango wa risasi."

Koplo akauvuta ule mlango mzito wa chumba cha mashine, uliowekwa madini ya risasi kuzuia mionzi. Ngazi ya kukunja ilikuwa imeegemea ukuta, imefunikwa aproni nzito ambayo wagonjwa huvalishwa mionzi isiwapate.

Mama Picha aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Alianza kusema bila kuulizwa, akitazama ile taa nyekundu.

"Alikuja kweli. Nilimpokea kama mkwe. Nikamletea maji. Akapanda, akafungua, akasema, 'Mama, ni panya tu, kabla ya saa saba utakuwa hewani.' Nililia, Afande. Nilisimama chini pale nikalia kwa furaha. Halafu simu yangu ikaingia ujumbe. Mteja hakupatikana. Nimeshika ngazi yake kwa mikono yangu miwili, na wananiambia sikupatikana!"

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka. Nikamwonyesha. Yeye hakucheka. Akapiga simu kwao, akabishana kidogo, akaanza kukusanya vifaa. Nikamwambia, baba, waya huo hapo, unga tu. Akasema kazi imefungwa. Nikamwambia, mimi ni mtu, nishike, nipo. Akasema, 'Mama, mimi nakuona. Wao ndio hawakuoni. Nikiunga, kesho sina kazi.' Akaanza kushuka."

"Ukamshika mguu."

"Nilimshika asishuke. Wallahi mwanzoni nilimshika asishuke tu."

"Na baadaye?"

Chini, mwenye duka alikuwa akiburuta maboksi yake kuyarudisha ndani.

"Alinipiga teke la kujinasua, dogo tu. Akasema, 'Niache mama, piga huduma kwa wateja.' Hapo ndipo nilipovuta. Nilivuta na ngazi. Sitakudanganya, nilijua upande gani ni uwazi."

Koplo aliandika.

"Ukaficha ngazi, ukatuambia hakuja."

"Nani angebisha? Wao wenyewe walisema hakuja."

"Na Baba Pacha akalala ndani kwa ajili yako!"

"Nilisikia. Nilijiambia nitakuja kusema kesho." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Kumbe na mimi ni wa kesho."

Hasira zilimpanda Inspekta, na nusu yake ilikuwa hasira ya mtu anayejichukia. Alisimama mbele yake.

"Hivi unajua ulichokifanya, mama? Aliyefunga kazi yako yupo ukumbini mpaka sasa. Waliotunga utaratibu huo wapo ghorofa ya juu kwenye vioo, wana makochi, hawajui hata sura yako. Yule alikuwa mnyonge kama wewe! Ana mke, ana watoto, na neno la mwisho alilosema kazini ni kukuombea dakika chache. Kampuni nzima ile, yenye watu maelfu, mama, wote hao, ukamchagua yeye?"

Mama Picha alinyoosha mikono apigwe pingu.

"Sikumchagua, Afande," alisema. "Katika kampuni nzima, ni yeye peke yake aliyekuja."